Sauti Iliyobaki Kichwani

Kama sikio lako linatoka maji yenye harufu, na jirani amekwisha kukuambia ukamulie kitunguu thaumu ndani yake, tafadhali keti kwanza usome haya. Mimi nimekamulia thaumu mpaka watu wakawa wanauliza nyumbani kwetu kunapikwa pilau ya arusi ya nani. Sikio halikupona. Nilichopata ni harufu mbili badala ya moja.

Jina langu Rashidi, seremala wa hapa Msambweni. Katika miaka hiyo ya hamsini ninayoisimulia, kabla vipaza sauti havijaingia misikitini, nilikuwa pia mwadhini wa msikiti wetu mdogo ulio upande wa pwani. Kazi hiyo haina mshahara, ina heshima tu, na mimi nilikuwa mtu wa kupenda heshima. Watu walisema sauti yangu hufika mpaka kwenye mikorosho, ng'ambo ya barabara kuu. Mke wangu, Mwanakombo, alikuwa akinitania kwamba yeye aliposwa na sauti, mimi nikafuata nyuma nimebeba mahari. Nilimwacha aseme, maana ilikuwa karibu na kweli.

Sikio la kushoto lilinianza utotoni. Mvua za masika zikija lilitoka maji, na pepo za kaskazi zikianza lilikauka lenyewe, kwa hiyo sikulihesabu kuwa ugonjwa. Nililihesabu kuwa tabia yake. Kisha ikaja masika moja, mwaka ambao mke wangu alikuwa na mimba ya binti yetu Mishi, maji yakaanza na hayakukoma. Kaskazi ikaja, ikaenda, sikio linatoka tu, na maji yakawa usaha. Na kabla ya kaskazi hiyo, tangu mvua za vuli, la kulia nalo lilikuwa limekwisha kuanza.

Watu hudhani kiziwi huishi ndani ya kimya. Kwangu haikuwa hivyo hata kidogo. Sauti za watu ndizo zilizokwenda mbali, zikawa kama za watu wanaozungumza nyumba ya tatu, kisha ya saba. Lakini vya ndani vyote vilipanda. Nikitafuna mhogo wa kukaanga, hata mtu apige kelele mlangoni simsikii, kwa vile kichwa kizima kimejaa mhogo. Nikikata mbao, msumeno niliusikia kupitia goti lililokanyaga ubao. Moyo niliusikia ukipiga nilipoweka shavu juu ya mto. Na sauti yangu mwenyewe, Mungu anisamehe, niliisikia nzuri kuliko siku zote.

Hapo ndipo penye kisa chote. Mwadhini anapoadhini hutia vidole masikioni, ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo walivyofanya waliotutangulia. Nilisimama kwenye ngazi za msikiti, nikaelekea kibla, nikatia vidole, nikaanza, na sauti ikajaa kichwani kama ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya mtungi akaita. Nilihisi fuvu likitetemeka, meno yakitetemeka. Nikasema moyoni kwamba Mwenyezi Mungu ameninyima masikio akanizidishia koo. Sikujua kwamba ile sauti ilikuwa haitoki nje ya mtungi. Ilikuwa ikipita mifupani mwangu, na mimi nilikuwa msikilizaji wake wa pekee.

Kwa kuwa niliisikia kubwa mno, nilianza kuipunguza. Nani apendaye kupiga makelele? Nyumbani nikawa nasema polepole, kwa adabu, na Mwanakombo akawa kila mara ananyosha shingo na kuninyoshea mkono, ishara ya "Unasemaje?" Nikadhani masikini naye ameanza kuwa kiziwi. Wallahi, nilimhurumia. Nilimtengea kikombeni thaumu yake na mafuta yake ya ufuta, nikamwonyesha namna ya kuyatia. Alinitazama muda mrefu sana, kisha akachukua kile kikombe akaenda nacho jikoni.

Na huko Diani, ambako Wazungu walikuwa wameanza kujenga nyumba zao ufukweni, nilikuwa na kazi ya kutengeneza madirisha kwa memsahibu mmoja. Alikuwa akinijia karibu, anaweka mkono nyuma ya sikio lake na kukunja uso. Nikasema hawa Wazungu wanakuja kwetu tayari wameharibika. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini ulimwengu mzima umekuwa kiziwi kwa wakati mmoja. Mimi sikujiuliza.

Dawa nilizojaribu sitazitaja zote. Baada ya thaumu nilinywa kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa katika sahani, na hilo silijutii, kwani lilinituliza. Kisha niliumikwa chuku, ile pembe ya kunyonyea damu, nyuma ya shingo. Kisha nilipelekwa kwa mzee mmoja upande wa milima ya Kwale, akanifukiza moshi sikioni kwa bua la mpapai, nikarudi nikikohoa njia nzima. Kila dawa ilikuwa na mwezi wake wa matumaini. Mwezi ukiisha, Mwanakombo alifua vitambaa vya usaha na kuvianika nyuma ya nyumba, mahali ambapo wageni hawapiti.

Harufu ilinitesa kuliko uziwi. Msikitini tunasimama bega kwa bega, nami niliona waliokuwa jirani zangu katika safu wakipungua. Walichelewa kwa makusudi ili nafasi ya pembeni yangu ichukuliwe na mgeni. Nikawa natia pamba yenye mafuta ya waridi. Lakini hakuna aliyeniambia neno. Watu wa kwetu ni watu wa haya. Walinipa mkono, wakaweka mkono kifuani, wakatabasamu, wakanionyesha masikio na kutikisa kichwa: pole. Walinipa pole ya masikio. Pole ya sauti hakunipa mtu.

Bakari, rafiki yangu tangu chuoni tulipokuwa tukisoma juzuu pamoja, ndiye aliyekuwa akinitembelea zaidi. Siku moja baada ya mfungo alikuja, akaketi, akafungua mdomo, akaufunga. Nikamkaribisha kahawa. Nikamsimulia jinsi sauti yangu ilivyozidi kuwa nzito siku hizi. Alikunywa kahawa yake, akanishika bega, akaenda zake. Nilikaa pale barazani nimeridhika kabisa.

Mishi alizaliwa na kukua katika miaka hiyo. Sikuwahi kumsikia akilia. Niliona mdomo ukifunguka na uso ukiiva, basi. Alipoanza kusema, alisema na mama yake. Kwangu mimi alijifunza kuvuta kanzu. Akitaka maji anavuta na kuonyesha mtungi, akitaka kubebwa anavuta na kuinua mikono. Siku nyingine alikuja akasimama mbele yangu akasema jambo refu, kwa bidii, akitumia mikono yote miwili, kisha akasubiri. Nikacheka, kwa kuwa sikujua la kufanya. Naye akacheka kidogo, akaenda kulisema kwa mama yake. Kati ya yote niliyopoteza, hilo jambo refu ndilo ninalolitaka.

Hospitali nilipelekwa na uso. Asubuhi moja, wakati wa joto kali kabla ya masika, niliamka, nikinywa chai inanichuruzika upande wa kushoto wa mdomo. Jicho la upande huo halikufumba. Nilipotazama kioo niliona nusu yangu imelala na nusu imeamka. Wapo waliosema nimepigwa na upepo wa shetani. Mwanakombo hakusikiliza maoni ya mtu. Alijifunga leso, akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka hospitali ya hapa hapa Msambweni, ambayo kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiipita nikienda kununua misumari. Kweli, sikio la kufa halisikii dawa, hata dawa ikiwa jirani.

Nikuambie jambo ambalo hakuna awaambiaye wagonjwa wa masikio: katika baraza ya kungojea, huita majina. Dresa, msaidizi wa daktari, alitoka mlangoni, akaita, mtu akainuka. Akaita tena, mwingine akainuka. Siku ya kwanza Mwanakombo alirudi nyumbani kumlelea dada yake mtoto, nikabaki peke yangu, na jua likapanda mpaka baraza ikabaki na mimi na mbuzi mmoja. Dresa alinitazama kwa hasira, akiniuliza bila shaka nilikuwa wapi alipoita. Siku ya pili nilikaa karibu na mama mmoja mwenye mtoto aliyeungua mguu. Sijui Mwanakombo alimwambia nini kabla ya kuondoka. Jina langu lilipoitwa, mama yule alinifinya mkono kwa nguvu kabisa. Sikupata kujua jina lake. Namwombea mpaka leo.

Daktari alikuwa Mhindi wa makamo, mpole, mwenye vidole baridi. Alichungulia kwa taa yake, akasafisha, akachungulia tena. Kisha akatoa chuma chenye panda mbili kama manati. Akakigonga gotini kwake, akakileta mbele ya sikio langu la kulia. Nikatikisa kichwa: hamna kitu. Akakigonga tena, na safari hii akakisimamisha juu ya mfupa, nyuma ya sikio.

Kikaimba. Sauti nyembamba, safi, ndefu, haina mkwaruzo. Kwa miaka mingi sikuwa nimesikia kitu chochote kilichotoka nje ya mwili wangu kikiwa safi namna ile. Machozi yalinitoka, na jicho langu lisilofumba likayaacha yatiririke tu. Daktari alikiondoa, akakirudisha, akakiondoa. Dresa aliwaza namna ya kunieleza, kisha akaniongoza mpaka mlangoni, akaufunga, akagonga ubao, akanyosha kidole kwangu niliyebaki ndani, kisha kwenye sikio langu. Nikaelewa. Mwenye nyumba yu hai. Mlango ndio umekwama.

Nilichomwa sindano za penisilini mpaka nikawa nakaa upande upande, na nikaambiwa nitapelekwa Mombasa, kwenye hospitali kubwa, kukatwa ugonjwa ndani ya sikio. Wakati nikisubiri, niliwaza kile chuma. Mimi ni mtu wa mbao, najua ubao hubeba mtikisiko kutoka ncha moja hadi nyingine. Nikaingia jikoni, nikachukua mwiko mrefu wa kusongea sima, nikang'ata mpini kwa meno. Nikamwashiria Mwanakombo aubane upande wa pili kwa meno yake, aseme. Alidhani uso uliopinda umepindisha na akili. Lakini alifanya.

"Baba Mishi," akasema.

Nilimsikia. Sauti haikuja masikioni, ilikuja katika taya, ikapanda, ikawa katikati ya kichwa, nene kidogo kwa sababu ya mwiko, lakini yake. Nikauachia, nikasema, "Sema tena!" Akasema tena. Akasema, "Mwiko una ladha ya samaki." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha tukamwita Mishi. Naye, akiwa na meno yake madogo, akauma mwiko kwa furaha kama mchezo, na nikasikia sauti ya binti yangu kwa mara ya kwanza. Alisema, "Baba, unasikia?" Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo. Katika fikira zangu nilikuwa nimempa sauti nyingine kabisa.

Mwiko huo ulitufaa majuma mengi. Wakija watu ulifichwa, kwa kuwa Mwanakombo hakutaka ionekane kwamba bwana na bibi wanaumana mwiko mmoja mchana kweupe. Wewe mwenye ugonjwa huu, jaribu. Ukisikia kwa mfupa, usikae nyumbani, nenda kwa daktari, maana mwenye nyumba bado yumo.

Mombasa nilikwenda masika yalipokwisha. Ya kukatwa sina mengi. Nilinyolewa nusu ya kichwa, nikafunikwa pua kwa kitambaa chenye harufu tamu ya kuchukiza, na niliamka kichwa kimefungwa, kizito kama gunia la chumvi, chumba kizima kikizunguka. Nilitapika kwa siku kadhaa kila nilipogeuka. Wa kitanda cha jirani, mvuvi kutoka Vanga aliyekatwa kidole, alinishikia beseni bila kuulizwa. Mdomo ulianza kurudi mahali pake taratibu.

Siku ya kufungua vitambaa ilikuwa asubuhi. La kulia walikuwa wamelisafisha mara nyingi, wakatoa nyama iliyoota ndani, likakauka. Muuguzi aliondoa pamba ya mwisho, akaweka mkasi katika beseni la bati. Nikaruka. Ule mlio ulinichoma kama sindano. Kisha nikasikia kunguru dirishani, wale kunguru wa Mombasa wasio na haya, wakigombana. Sikudhani nitapata kumshukuru Mungu kwa sababu ya kunguru.

Daktari wa Mombasa alizungumza nami upande wa kulia, mkalimani akifasiri. La kulia litakuwa linasikia, si kama zamani, lakini litasikia. La kushoto limekufa. Ugonjwa ulikuwa umekula mpaka ndani, hata mfupa haukuwa na kitu cha kupelekea sauti. Nikauliza kama halitapona baadaye. Mkalimani akauliza, akasikiliza, akanigeukia bila kunitazama machoni. "Anasema ungekuja mwaka juzi, angeliokoa." Akaongeza kwamba nisitie kitu chochote masikioni, wala pamba, wala mafuta, wala vidole.

Nilirudi Msambweni kwa basi la asubuhi. Mwanakombo alikuwa uani anapepeta mchele. Nikasimama nyuma yake nikasikiliza ungo. Alipogeuka, nikamwambia, "Ungo wako unalia vizuri." Aliuacha ukaanguka na mchele wote. Nikamwambia aseme, aseme chochote, bila mwiko. Mishi alikuja mbio akasema maneno mengi mno, na mimi nikamsikiliza neno kwa neno, mambo ya kuku na ya mtoto wa jirani, hayana kichwa wala miguu.

"Nakwenda msikitini," nikasema. "Leo naadhini mwenyewe. Usimwambie mtu nasikia, nataka niwaone nyuso zao."

Uso wake ulibadilika. "Leo pumzika, Baba Mishi. Kidonda bado kibichi. Mwachie Bakari leo."

"Bakari ameshika zamu yangu tangu niondoke. Imemtosha."

"Basi ngoja nikupashie maji uoge kwanza."

"Nimeoga Mombasa."

Nikatoka. Niliona amejifunga leso kichwani anatoka kwa mlango wa nyuma, nikadhani anakwenda kuwapa majirani habari njema, ameshindwa kuzuia ulimi.

Msikitini walinipokea kwa mikono na vifua, kama kawaida yao. Imamu alionyesha ngazi: karibu. Bakari alinikumbatia, akanitazama kichwa kilichonyolewa, akatoka nje upande wa birika. Nikapanda. Nikaelekea kibla. Mikono ikaja yenyewe, nikakumbuka maneno ya daktari, nikaishusha. Nikaanza.

Ile niliyoisikia haikuwa sauti yangu. Ilikuwa nyembamba, ya mgonjwa anayeomba maji. Haikuvuka hata kizingiti cha ua. Nikanyamaza kuvuta pumzi, nikidhani kidonda kimenikaba koo, na katika kule kunyamaza nikasikia adhana inaendelea. Nzito, imenyooka, inatoka nyuma ya ukuta wa birika, maneno yangu yale yale, hatua moja nyuma yangu. Nikasema neno la pili. Ikasema neno la pili. Sikusema la tatu. Yeye akaendelea peke yake mpaka mwisho, na alikuwa na sauti nzuri, lazima niseme, sauti ya kufika kwenye mikorosho.

Alizunguka ukuta akiwa anapangusa jasho. Aliniona nimesimama namwangalia.

"Umemaliza?" alijisemea chini chini, kama mtu ajuaye hatasikiwa.

"Sikumaliza," nikamjibu.

Mkono wake ulikwenda mdomoni. "Unasikia, Rashidi."

"Nasikia. Tangu lini?"

Alikaa kwenye ukingo wa birika. "Tangu mfungo wa mwaka juzi. Watu wa kule kwenye mikorosho walikaa na tende mikononi mpaka giza likaingia. Walikuja kumwuliza imamu kama mwadhini amefariki."

"Mbona hamkuniambia?"

"Kila mtu alisema aseme mwenziwe. Imamu akasema mimi ndimi rafikiyo. Nikaja kwako. Ukanipa kahawa, ukaanza kunihadithia sauti yako ilivyozidi. Ulikuwa na furaha, yakhe. Ningekutia kisu vipi? Tukaona tukusitiri, mimi niwe naadhini nyuma ya ukuta. Kumsitiri ndugu si dhambi."

Nilikasirika, sifichi. Niliiona miaka yote ile kwa mara moja: mimi kwenye ngazi na vidole masikioni, najisikiliza kichwani mwangu, na msikiti mzima umeinamisha macho. "Mwaka juzi daktari angeliokoa sikio," nikamwambia. "Mlinisitiri mpaka likafa."

Alikuwa analia, na kilio chake nilikisikia vizuri. Swala ilipokimiwa tuliingia, tukasimama bega kwa bega. Sijui niliswali nini.

Nyumbani nilimkuta Mwanakombo amekaa mlangoni, leso ingali kichwani. Alikuwa amekimbilia kwa Bakari kumwonya, akakuta amekwisha toka.

"Na wewe ulijua," nikasema.

"Nilijua kabla yao. Nilijua siku uliponitengea thaumu."

"Ungeniambia kwa ishara. Ungeandika. Ungenivuta nguo kama Mishi."

"Ulikuwa huna kingine, Baba Mishi," akasema. "Kila kitu kilikuwa kimekwenda, na bado ulikuwa ukirudi msikitini una uso wa bwana arusi. Nilisema ngoja kwanza apone."

Sikuweza kumkasirikia, na ingekuwa rahisi kama ningeweza. Ningekuwa mimi, na yeye ndiye mgonjwa, pengine nami ningesema ngoja kwanza. Ndivyo tulivyo. Ndiyo maana nimeandika haya. Ukiwa na mtu nyumbani anayeanza kunong'ona huku akidhani anapaza sauti, mshike mkono, mwambie, hata kama atakununia. Kununa hupona.

Sikuadhini tena. Bakari ndiye mwadhini, na tuko vizuri, ingawa kahawa tunainywa kwa uangalifu zaidi. Uso umerudi wote, ila nikichoka jicho hulegea. Ninapofanya kazi watu wamejua kuja upande wa kulia.

Mwanakombo naye amehamia upande huo. Tangu tuoane alikuwa akilala kushotoni kwangu, na katika ile miaka yote, taa ikiisha kuzimwa, nilikuwa nikihisi pumzi yake shingoni, fupi fupi, ya mtu anayesema. Nilikuwa nimedhani ni pumzi tu. Nimemwuliza alikuwa akiniambia nini. Anasema alikuwa anasema tu, na kwamba ameyasahau.